Risiti ya Bi Aikande

Kompyuta ya chama chetu cha msingi ni moja,
kifuniko kina ufa, kitufe cha N kilishang'oka,
nabonyeza kibanzi kilichobaki kwa ukucha.
Anaeli fundi aliigawa diski yake Jumamosi moja
pale Mbuyuni, Moshi, nyuma ya duka la pembejeo,
kama baba alivyogawa kihamba chetu cha Uru:
huku wewe, huku mdogo wako,
katikati masale.

Juu akabaki Windows,
maana programu ya mizani ya kahawa haijui kwingine,
na kijana aliyeiandika kahamia Dodoma, hapokei simu.
Chini akaingia Ubuntu, jina lenye undugu na utu,
hadai leseni, hachukii mashine kuukuu.
Nikasema basi, yamekwisha.
Ni kihamba gani kiligawanywa yakaisha?

Asubuhi menyu nyeusi inahesabu:
kumi, tisa, nane,
chagua nani aamke.
Nageuka kumimina chai,
nikirudi ameamka asiyehitajika,
wakulima wameshafika barazani na magunia,
nami naanza kumlaza huyu ili nimwamshe yule,
natabasamu kama mtu ambaye mtoto wake kakojoa kanisani.

Tena hawalali sawasawa.
Windows ukimzima hufumba jicho moja,
funguo kaziweka chini ya mto.
Nikiingia kwa mwenzake nikataka jedwali la malipo ya pili
naambiwa: soma, usiguse.
Jedwali langu! Nililiandika mwenyewe, jana.

Agosti, msimu umekaza, akajisasisha usiku kucha.
Usizime, akasema, asilimia thelathini,
thelathini,
thelathini.
Kulipokucha kafyeka masale yote.
Menyu haipo. Ubuntu yumo ndani, mlango hana.
Kwetu mtu aking'oa sale hukalishwa kikao,
huulizwa mbele ya ukoo mkono wake ulitumwa na nani.
Huyu nimwitie kikao gani?
Anaeli kaja na flashi yake ya bluu, elfu kumi na tano,
akachutama saa nzima, kisha akanena:
"Nyumba ipo, dada. Njia tu ndiyo ililimwa."

Lakini kilichonishinda ni saa.
Wote wawili wanatazama saa moja ndogo ndani ya mashine;
huyu anaisadiki ilivyo,
yule anaihesabu ya Greenwich, anajiongezea tatu,
na kila apataye zamu anamsahihisha mwenzake.
Bi Aikande kaleta kilo kumi na nane, saa mbili asubuhi,
umande bado uko kwenye kanga.
Risiti ikatoka: 05:00.
Akaishika mbali na macho, akaisoma kama tusomavyo sisi.
"Saa tano? Saa tano mimi nitakuwa nakata majani ya ng'ombe.
Mmenipimia kahawa ya nani?"
Nikaanza: mashine, mama, hapo inamaanisha alfajiri...
"Alfajiri mlikuwa mmefunga!"

Usiku kaka Ndekirwa hunipigia kuhusu mpaka,
kisha mdogo wake hunipigia kuhusu mpaka uleule.
Mimi sikugawiwa kitu. Binti, walisema, kwake ni mbele.
Nimebaki wa kupita, hodi huku, hodi kule,
na nyumba yoyote nikiingia
saa yangu haiendi na ya mwenyeji.

Anaeli anasema ipo amri ya mstari mmoja
ya kuwafanya wasome saa kwa namna moja.
Atakuja Alhamisi.
Alhamisi ya wiki ipi, hakusema.
Leo nimeichukua risiti, nimekata 05:00 kwa kalamu,
nikaandika saa 2 asubuhi, na sahihi, na muhuri wa chama.
Bi Aikande ameikunja mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kanga,
akaniuliza kama hiyo chai ni ya kunywa
au ya kutazama.